Jifunze kuchambua data mwenyewe kwa programu za bure: tuanze na kamba 20 za mwani

Assalam alaykum jamani. Kila ukifika msimu wa kuandika risechi vyuoni utawasikia vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaulizana nani anafanya data, yaani nani wa kumlipa achukue dodoso zako akurudishie majedwali yaliyokwisha pikwa. Majedwali anapata kweli, lakini siku ya kutetea kazi akiulizwa kwa nini umetumia jaribio hili la takwimu na si lile anabaki anatizama chini, mana kazi si yake. Na upande mwengine wako kina mama wa mwani, wavuvi wa pweza, watu wa karafuu, wana madaftari yamejaa namba za misimu kadhaa na hakuna hata mmoja aliyekaa akazisoma zinasema nini. Mwongozo huu nimewaandikia wote hao. Programu zote ntakazozitaja ni za chanzo huria, unazichukua bure kwa halali, unampa na mwenzako kwenye flashi bila ya kuvunja sheria ya mtu, na huna haja ya kutafuta zile zilizovunjwa kufuli ambazo mara nyingi zinakuja na virusi ndani yake.

Ntatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane. Mwani unalimwa kibiashara kwetu tokea 1989, na siku hizi suala linaloumiza vichwa ni kuwa maji ya karibu na ufukwe yamekuwa ya moto na kotonii, aina ya mwani ambao ndio wenye bei nzuri, unakufa au haukui vizuri. Kwa hivyo watu wanajaribu kupeleka kamba, zile zinazofungwa mbegu za mwani, kwenye maji ya kina. Suali letu: je, kamba za kwenye kina zinatoa kilo nyingi kuliko za pwani? Namba ntakazotumia nimezitunga kwa ajili ya mazoezi, msije mkazichukua mkaenda kuziandika kwenye ripoti.

Hatua ya 1: Andika suali kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi, andika sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. Ukishindwa kuiandika hiyo sentensi basi hakuna programu itakayokusaidia. Sentensi nzuri ina vitu viwili ndani yake, kitu unachopima (kilo za mwani kwa kamba moja) na kitu unacholinganisha nacho (eneo, pwani au kina). Kilo ni namba, eneo ni jina la kundi, na huko kujua kipi ni namba na kipi ni kundi ndiko kutakakokuchagulia jaribio hapo mbele, kwa hivyo usikuruke.

Hatua ya 2: Kukusanya, hapa ndo penye kazi khasa

Niwe mkweli, hapa ndipo utafiti mwingi unapoharibikia na hakuna kitufe cha kuja kutengeneza baadae. Tuseme unataka kamba 10 za pwani na 10 za kina. Ukichukua kamba zote 10 za pwani kwa mama mmoja na zote 10 za kina kwa mama mwengine, umelinganisha mama wawili, hujalinganisha maeneo. Labda huyu wa kina ana mbegu nzuri, labda anafunga taitai zake (vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu) karibu karibu, labda anakwenda kusafisha kamba kila bamvua na mwenzake ana mtoto mgonjwa hapati nafasi. Bora kamba 10 za pwani ziwe za watu 10 tofauti na za kina vivyo hivyo. Na bora zaidi kuliko hivyo kila mama aweke kamba moja pwani na moja kwenye kina, mbegu ile ile, uzito ule ule wa kuanzia, siku moja, kisha ulinganishe kamba zake mwenyewe kwa mwenyewe. Huo mpango wa pili una jaribio lake, ntalisema.

Halafu kupima. Mwani mbichi ukitoka majini unachuruzika, ukiupima pale pale unapima na maji ya bahari. Wekeni sharti moja, mfano kila kamba itundikwe mpaka muda fulani mliokubaliana ndio iende kwenye mizani, na mizani iwe ile ile moja. Na kamba zote zivunwe zikiwa na umri mmoja, ikiwa wiki 6 basi zote wiki 6. Kama nusu zimevunwa kabla ya masika na nusu baada ya mvua kubwa, hapo mvua imeingia kwenye hesabu yako bila ya kualikwa, mana maji ya mvua yanapunguza chumvi na mwani hauyapendi.

Jengine ni ukubwa wa sampuli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, ile ni sensa, kila mtu anahesabiwa. Sisi hatuna uwezo wa kupima kila kamba baharini kwa hivyo tunachukua chache zitusemee kwa zote, na ili zitusemee kwa haki tuzichague kwa bahati nasibu, tusichague zile zinazopendeza.

Hatua ya 3: Ingiza kwenye LibreOffice Calc

Calc ni kama Excel lakini ya bure. Sheria ni chache ila zishike:

Mstari mmoja ni kamba moja. Safu moja ni kitu kimoja. Mstari wa juu kabisa ni majina ya safu, mafupi, bila ya nafasi kati: kamba, eneo, kilo. Usiunganishe vyumba, usitie rangi ukadhani rangi ni data (programu haioni rangi), usiweke jumla chini ya safu, usiandike "6 kg", andika 6 tu. Nusu andika 6.5 kwa nukta.

Maneno yaandike kwa namna moja. Ukiandika "kina", "Kina" na pengine "kina" yenye nafasi nyuma yake, kompyuta itakwambia una makundi matatu na utashangaa la tatu limetoka wapi.

Na hili naliomba sana: sifuri na hakuna ni vitu viwili tofauti. Kamba ambayo mwani wake wote umekufa ukaipima ikawa haina kitu, hiyo ni 0. Kamba iliyokatika ikachukuliwa na maji hujaipima, hiyo chumba chake kiwe kitupu. Ukitia 0 kwa kamba iliyopotea umeusingizia mwani jambo lililofanywa na mawimbi. Weka na safu ya maelezo pembeni uandike kilichotokea.

Sasa ingiza namba zetu. Pwani: 6, 7, 5, 8, 6, 7, 9, 5, 6, 7. Kina: 8, 9, 7, 10, 9, 8, 11, 7, 9, 10. Usiweke safu mbili za pwani na kina ubavu kwa ubavu, weka safu moja ya eneo yenye neno pwani mara 10 kisha kina mara 10, na safu ya kilo pembeni yake, jumla mistari 20. Ukimaliza chagua "Save As", aina ya faili chagua CSV, lipe jina mwani.csv. Lile faili la asili liache kama lilivyo, usiliguse tena, na nakala yake ihifadhi pahala pengine.

Hatua ya 4: Chagua programu

Ziko nyingi, nawatajia nne. R ndio mama yao, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, toleo la 1.0.0 likatoka Februari 2000, ina nguvu sana lakini unaandika amri kwa mkono. JASP imetengenezwa chuo kikuu cha Amsterdam, ni ya kubonyeza bonyeza. PSPP ni kwa wale ambao msimamizi wao kashikilia SPSS, ile programu ya takwimu ya kulipia, inafanana nayo na inafungua mafaili ya .sav. Na jamovi, inayotumia R kwa ndani lakini kwa nje ni ya kubonyeza tu. Mie anayeanza namshauri jamovi kwa sababu majedwali yanabadilika hapo hapo unapogusa kitu, na siku ukitaka kuhamia R inakuonesha amri zake.

Faili la kuinstoli ni zito, usilishushe kwa bando lako la siku, nenda chuoni au pahala penye waifai, mmoja wenu alishushe kisha mpeane kwa flashi. Kwenye tovuti yao utakuta matoleo mawili, chukua lile lililoandikwa "solid". Ukishainstoli unafanya kazi bila ya intaneti, hata uwe Makangale.

Hatua ya 5: Fungua data na uiambie programu nini ni nini

Ndani ya jamovi bonyeza ile mistari mitatu juu kushoto, "Open", tafuta mwani.csv. Utaona safu zako, na juu ya kila jina kuna alama ndogo: rula maana yake namba za kupima, duara tatu maana yake majina ya makundi, vijiti vya kupanda maana yake makundi yenye mpangilio (kama sikubali, sijui, nakubali). Kilo iwe rula, eneo iwe duara tatu. Ikiwa imekosea bonyeza mara mbili juu ya jina la safu urekebishe. Watu wengi wanajaza jinsia kwa 1 na 2 kisha wanaacha ni rula, halafu wanapata wastani wa jinsia ni 1.6, sasa hiyo 1.6 ni nani?

Hatua ya 6: Tizama kwanza, usikimbilie jaribio

Nenda "Analyses", kisha "Exploration", kisha "Descriptives". Kilo itie kwenye "Variables", eneo itie kwenye "Split by". Chini kwenye "Plots" tia tiki kwenye "Box plot" na "Data" ili uone na nukta za kila kamba.

Ukipata hivi uko sawa: pwani wastani 6.6, kati yake 6.5, SD 1.26. Kina wastani 8.8, kati yake 9, SD 1.32. Wastani mnaujua tokea skuli. Ile kati, iliyoandikwa "Median", ni namba inayokaa katikati ukizipanga zote kuanzia ndogo mpaka kubwa. SD inakwambia kamba zimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani, hapa ni kama kilo moja na kitu juu au chini, kwa hivyo kamba za kundi moja hazijaachana sana.

Sasa fanya jaribio dogo uone kwa macho yako. Rudi kwenye data, ile 9 ya pwani ibadilishe iwe 90, kama mtu aliyebonyeza sifuri kwa bahati mbaya. Wastani wa pwani unaruka kutoka 6.6 mpaka 14.7, yaani kwa kidole kimoja pwani imeshaishinda kina! Lakini tizama kati yake, bado 6.5 haijatikisika. Na kwenye mchoro utaona nukta moja iko peke yake juu kabisa. Ndio mana nasema mchoro kwanza, mana jedwali la wastani peke yake lingekudanganya na usijue. Ukikutana na nukta kama hiyo kwenye data yako ya kweli usiifute kwa sababu imekuudhi, rudi kwenye daftari utizame kilichoandikwa, ikiwa ni kosa la kuandika sahihisha, ikiwa ni kweli iache na uiseme kwenye ripoti. Haya, rudisha 9 yetu tuendelee.

Hatua ya 7: Jaribio lenyewe

Tuna namba (kilo) na makundi mawili yasiyohusiana (pwani na kina), hapo jaribio lake ni t. Aliyeligundua ni William Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin, akalichapisha 1908 kwa jina la kujificha la Student, na shida yake ilikuwa kama yetu, sampuli ndogo ndogo. Kwa hivyo mwenye kamba 10 asijione mnyonge.

"Analyses", "T-Tests", "Independent Samples T-Test". Kilo iende "Dependent Variables", eneo iende "Grouping Variable". Tia tiki "Welch's", mana hilo halidai kwamba makundi yote mawili yawe na mtawanyiko sawa, na mie naona ndilo la kuanzia kila siku. Tia na "Mean difference", "Confidence interval" na "Effect size".

Utaona t ni 3.81 (inaweza kuwa na alama ya kutoa mbele yake, inategemea kundi gani limetangulia, usishtuke), df (inayotokana na idadi ya kamba) kama 18, p 0.001, tofauti ya wastani kilo 2.2, na mpaka wake wa chini 0.99 na wa juu 3.41, na d, yaani tofauti ikigawanywa kwa SD ya makundi, ni 1.70.

Haya tuzisome. p ndio watu wanaikimbilia na ndio wanaielewa vibaya. Maana yake ni hii: tuchukulie kwamba kwa kweli hakuna tofauti yoyote baina ya pwani na kina, je, kwa bahati tu ya kuchagua kamba, ingekuwa rahisi kiasi gani kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi? Jawabu ni 0.001, yaani kama mara moja katika elfu, kwa hivyo hiyo dhana ya kwamba hakuna tofauti inatushinda kuiamini. p haisemi kuna asilimia 99.9 kuwa wewe uko sahihi. Haisemi tofauti ni kubwa. Na ile 0.05 inayoabudiwa si sheria ya maumbile, ni kiwango ambacho Ronald Fisher alikipigia debe kwenye kitabu chake cha 1925 na watu wakakizoea.

Kwa mkulima, mie naithamini zaidi ile mipaka miwili. Inasema tofauti ya kweli yaweza kuwa ndogo kama kilo moja kwa kamba au kubwa kama kilo tatu na nusu. Sasa mama wa Jambiani au wa Tumbe anaweza kukaa akapiga hesabu zake, kilo moja ya mwani mbichi ikikauka inabaki kidogo sana, je, inalipa gharama ya kukodi ngalawa kwenda kwenye kina, na wasiojua kuogelea watafanyaje? Hilo suali p haiwezi kukujibu, lakini mipaka inakupa pa kuanzia.

Ikiwa ulifuata ule mpango wa kila mama kamba mbili, hapo data inapangwa vyengine: mstari mmoja kwa mama mmoja, safu ya pwani na safu ya kina, na jaribio ni "Paired Samples T-Test". Namba zikiwa zimelalia upande mmoja sana au una nukta za ajabu ambazo ni za kweli, tia tiki "Mann-Whitney U", linalotizama mpangilio wa namba badala ya wastani, hapo hapo kwenye lile la kwanza ulinganishe majibu.

Hatua ya 8: Data yako si kilo, ni ndio na hapana

Hii kwa wenye dodoso. Ukitaka kujua kama jawabu la ndio au hapana linatofautiana baina ya shehia, vyote viwili ni makundi, basi nenda "Frequencies", "Independent Samples" chini ya jedwali la χ² (kai skwea, jaribio la makundi kwa makundi). Tia tiki "Expected counts" uangalie, ikiwa vyumba vingi viko chini ya 5 tumia "Fisher's exact test". Na p yake maana yake ni ile ile tuliyosema.

Vitu viwili vyote ni namba, mfano joto la maji na kilo? Chora nukta kwanza kwa "Scatterplot", ikiwa zinakwenda kwa mstari ndio uende "Regression" ukachukue "Correlation Matrix". Na kumbuka miezi ya kaskazi maji yanapata moto lakini kuna mambo mengine pia yanabadilika na kaskazi, upepo, mawimbi, hata nafasi za watu, kwa hivyo vitu viwili kwenda pamoja si lazima kimoja kimsababishe mwenziwe.

Hatua ya 9: Jaribu amri za R japo tatu

Ndani ya jamovi bonyeza nukta tatu juu kulia, washa "Syntax mode", utaona amri ya kila ulichofanya. Siku ukiinstoli R pamoja na RStudio, iambie folda lako liko wapi, kisha andika:

mwani <- read.csv("mwani.csv")
boxplot(kilo ~ eneo, data = mwani)
t.test(kilo ~ eneo, data = mwani)

Ile alama ya wimbi isome "kwa kufuata", yaani kilo kwa kufuata eneo. Mstari wa tatu unakupa Welch bila ya kuomba, na namba zitakuwa zile zile tulizozipata juu. Faida ya amri ni kuwa mwakani ukiwa na kamba 200 unabadilisha faili tu, amri ni zile zile, na msimamizi akiuliza umefanyaje unampa mistari mitatu aione kwa macho yake.

Hatua ya 10: Kuandika matokeo

Usibandike majedwali 15 kwenye ripoti. Sentensi kama hii inatosha: "Kamba za kwenye kina (n = 10, wastani kilo 8.8, SD 1.32) zilitoa mwani mbichi zaidi kuliko za pwani (n = 10, wastani kilo 6.6, SD 1.26), tofauti ikiwa kilo 2.2, mipaka ya asilimia 95 ni 0.99 mpaka 3.41, Welch t = 3.81, p = 0.001." Chini yake sema kamba zilichaguliwaje, zilipimwa vipi, ngapi zilipotea na kwa nini. Na kama ulijaribu majaribio sita ukapata moja lenye p ndogo, taja yote sita.

Kwenye jamovi ukihifadhi, lile faili la .omv linabeba data, majedwali na michoro pamoja, kwa hivyo mpe msimamizi hilo hilo afungue abonyeze mwenyewe. Na wale waliokupa kamba zao wapelekee mchoro wa nukta uliochapwa kwenye karatasi, kila nukta ni kamba moja, waelezee pale pale pwani wakisubiri maji yatoke, na uwasikilize watakavyokwambia kwa nini nukta fulani iko chini, mana mara nyingi mwenye kamba anajua sababu ambayo haimo kwenye safu yako hata moja, na hiyo ndio safu ya kuongeza msimu ujao.